Ubao Mbichi wa Mukau

Nyinyi vijana mnaojiita mafundi wa faiba, jambo la kwanza mnalomuuliza mteja ni rangi. Nimewasikia kwa masikio yangu. "Mzee, unataka buluu ama kijani?" Mashua imelazwa mbele yenu, mbavu zake zimeoza, ubao wa nyuma unaingia kidole, na nyinyi mnauliza rangi! Mimi nimestaafu, mgongo haunikubalii kuinama tena, lakini masikio hayajastaafu, na nikisikia maneno kama hayo natamani kuwarushia mkongojo. Basi kaeni hapo niwaeleze. Sitasema kwa upole. Upole uliwahi kuniponza, kama mtakavyosikia.

Kazi hii niliisomea Mombasa, miaka ya sitini, katika karakana ya kutengeneza mashua. Fundi mkuu alikuwa Athmani, mtu mfupi, mkali, ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Siku niliyofika alinitazama kutoka juu hadi chini akacheka. "Mkamba na mashua wapi na wapi? Kwenu mto una maji, wewe?" Wenzake wakaangua kicheko. Ni kweli mito yetu sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na mama zetu huchimba mashimo humo wapate maji ya kujaza mtungi. Lakini anayecheka hivyo hajauona mto wetu mkubwa, Athi, mwezi wa Novemba, unapokuja mwekundu, umebeba miti mizima na ng'ombe wa watu.

Miezi miwili ya kwanza Athmani hakuniruhusu kushika brashi. Alinipa nyundo ndogo akaniambia nigonge. Nilizunguka mashua kuukuu kutoka asubuhi hadi adhuhuri, nikigonga shibiri kwa shibiri. Palipo pazima pana sauti kavu, inarudi haraka. Palipooza, au pale faiba ilipoachana na mbao, sauti inazama, kama unagonga gunia la mahindi. Kila nilipoisikia nilichora duara kwa chaki. Athmani alikuja nyuma yangu, akagonga pale nilipopita bila kuchora, na mara nyingi akachora yeye, kisha akanitukana. Nyinyi nyundo hiyo hata hamnayo. Mnaangalia kwa macho, na macho yanadanganywa na rangi.

Baada ya kugonga ndipo alianza kunifundisha kuchagua. Hapo ndipo mafundi wengi wa leo huniudhi kabisa, kwa sababu wananunua chochote kilicho dukani, wanarudi nacho, wanakibandika.

Faiba si kitu kimoja. Iko ile tunayoiita mati, nyuzi fupi zilizotawanywa ovyo na kushikizwa pamoja na gundi kidogo. Na iko ile iliyofumwa, nyuzi ndefu zinazopishana. Mimi nilielewa tofauti yake haraka kuliko vijana wa pwani, kwa sababu nimekua nikimwona mama akisuka kiondo. Nyuzi za katani ukizitupa kwenye rundo zinajaza mahali, lakini hazibebi mzigo. Ukizisuka, kiondo kinabeba debe zima la mbaazi. Lakini msikimbilie iliyofumwa peke yake. Ukiiweka moja kwa moja juu ya mbao haiumi, inabaki na mashimo ya hewa chini yake. Tangulia na mati iume mbao, fuatisha iliyofumwa ibebe nguvu, kisha mati tena. Athmani alinipiga kofi la kisogo siku nilipoanza na iliyofumwa.

Halafu kuna rezini, majimaji mazito ya kuloweshea faiba ili igande. Ile ya kawaida, ya poliesta, ni nzuri kwa tangi la maji na kwa boneti za lori. Faiba juu ya faiba iliyokwaruzwa vizuri, haina neno. Lakini juu ya mbao inashika kwa kusitasita. Kwa mbao inayobeba uzito, tafuta epoksi, hata kama ni ghali, hata kama utapanda basi hadi Mombasa kuitafuta. Na hapo tena kuna mtego. Mati nyingi gundi yake inayeyushwa na poliesta tu. Ukiitia epoksi inabaki ngumu kama karatasi, haikunjiki kwenye kona, haishibi. Mimi nilifanya kosa hilo, nikaharibu kazi ya siku tatu, nikaibandua yote kwa patasi huku Athmani amekaa kwenye kopo lililopinduliwa akinywa kahawa. Afadhali angenitukana.

Nilirudi nyumbani nikiwa na familia, nikafungua banda langu Kabati, upande wa Kitui. Watu walidhani nimerudi na uganga. Mnajua sifa zetu Wakamba zilivyoenea nchi nzima kwa mambo hayo, na mimi mwenyewe nilizichochea bila kukusudia. Nilipelekwa Tseikuru kutengeneza tangi la shule, nikachanganya rezini saa sita mchana, kwa kipimo kilekile cha hadina nilichozoea Mombasa. Hadina ndiyo dawa ya kugandisha. Jua la Tseikuru si la kuchezea. Kabla sijatumbukiza brashi, ndoo ilianza kufuka moshi, ikapasuka, ikanguruma. Akina mama waliokuwa wakitazama walitoka mbio, mmoja akaacha kiatu. Tangu siku hiyo nilianza kazi alfajiri na kupunguza hadina kadiri jua linavyopanda. Cha kunitia hasira ni kwamba nimewaeleza vijana jambo hili mara mia, na bado nawaona saa saba mchana wakipepea ndoo kwa kofia.

Na wafanyabiashara nao! Kulikuwa na mmoja mjini aliyeongeza unga wa chokaa kwenye rezini ili ijaze makopo mengi. Mtu wa Kasikeu alinunua kwake, akaniletea nimtengenezee tangi, na mimi nikakubali vifaa vya mteja kwa sababu alikuwa na haraka. Tangi lilipasuka likiwa nusu. Aliyelaumiwa ni nani? Ni mimi. Basi wekeni hili moyoni, kifaa kibaya ukikipokea mkononi mwako, kimeshakuwa chako. Ningekuwa nimelishika somo hilo tangu siku ile, nisingekuwa na hadithi ninayotaka kuwaambia sasa.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Upande wa mke wangu ni watu wa ng'ambo ya Athi, upande wa Makueni, na zahanati iko upande wa Kitui. Kiangazi mtu anavuka kwa miguu. Mvua ikinyesha, mto unafunga. Msimu mmoja mwanamke mjamzito alifia ukingoni, akiutazama mlango wa zahanati, siku mbili maji yakipita. Baada ya mazishi yake kanisa likaamua kwamba jambo hilo halitarudiwa.

Palikuwa na mashua kuukuu ya faiba, iliyoachwa na watu waliokuja zamani kupima mto. Kuku walikuwa wakitagia ndani yake. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Mwalimu Kimeu, alikuja kuniita, nami nikaenda na nyundo yangu. Ganda la nje lilikuwa zima, nilishangaa. Lakini ndani, mbavu zote tano zilikuwa zimekuwa unga, na ubao wa nyuma, ule unaofungiwa injini, niliung'oa kwa mikono mitupu. Nikamwandikia Mwalimu orodha: mbao za tabaka za baharini, yaani plaiwudi isiyoharibiwa na maji, kutoka Mombasa, epoksi, faiba iliyofumwa. Mati nilikuwa nayo kidogo, ya aina inayokubali epoksi.

Mwalimu aliisoma, akavua miwani. "Fundi, epoksi tutatafuta. Lakini mbao? Tutoe mbao Mombasa na sisi tuko na mukau?"

Hapo sikuweza kumbishia sana. Mukau ni mti wetu, mchwa hawaugusi, nyumba za babu zetu zimesimama juu yake. Na kamati ilikuwa na wazo lake. Kila ukoo ungeleta kipande kimoja, ubavu mmoja kwa kila ukoo, ili mashua iwe ya wote na asiwepo mtu wa kusema ni ya fulani. Lilikuwa wazo zuri. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Nikatoa sharti moja mbele ya watu wote, kwamba mbao iwe kavu, iliyokatwa si chini ya mwaka mmoja uliopita. Kwa sababu, kama Athmani alivyonifundisha, faiba haipumui. Maji ukiyafungia ndani, yatakaa humo yakifanya kazi yao polepole, na wewe utakuwa unaangalia rangi inayong'aa.

Koo tano zilileta mbavu. Wengine walibomoa maghala ya zamani, wengine walitoa vizingiti vya milango. Mbao ngumu, kavu, ukiigonga inalia. Lakini ubao wa nyuma ulihitaji mti mpana, na mti mpana uliokauka haukupatikana. Ndipo ikaletwa habari kwamba mama mkwe wangu amejitolea. Alikuwa na mukau mkubwa kando ya boma, uliopandwa na marehemu mumewe. Ubao wake ulikuja juu ya mkokoteni wa ng'ombe, na watu wakauimbia kama bibi harusi.

Niliushika upande mmoja nikajua. Uzito wake haukuwa wa mbao kavu. Harufu yake ilikuwa ya shamba.

Sasa lazima niwaeleze vijana wa mjini kuhusu nthoni, kwa sababu siku hizi mnakaa meza moja na mama wakwe zenu mkichekeana. Kwetu, mama mkwe hukumtazama usoni. Ukimwona njiani unapisha. Hukumpa mkono, hukula mbele yake, na kumkatalia kitu alichotoa, hilo hata halikuwa na jina. Tulikuwa tumeokoka, tunaimba kwaya moja, lakini nthoni haikuwa imeokoka. Na ubao ule haukuwa mti tu. Ulikuwa mti wa marehemu mumewe, ulioletwa kwa nyimbo, mbele ya kanisa zima. Nani angenituma niende kumwambia haufai?

Hata hivyo nilipima. Niwaonyeshe namna ya kupima, kwa sababu ndilo jambo la maana kuliko yote nitakayosema leo. Chukua karatasi ya nailoni, ibandike juu ya mbao kingo zote, iache juani tangu asubuhi. Saa kumi jioni itazame. Kama ndani ya nailoni pamekauka, endelea. Kama pana jasho, rudisha mbao kwenye kivuli, ikae miezi.

Saa kumi jioni nikaenda kuitazama. Nailoni ilikuwa imejaa matone upande wa ndani, makubwa, yakikimbizana. Nikasikia sauti za kamati zikija kutoka kanisani. Nikaibandua ile nailoni, nikaukausha ubao kwa mkono wa shati langu.

"Hiyo mbao ya mama iko sawa, fundi?" Mwalimu Kimeu akaniuliza.

"Iko sawa," nikasema.

Maneno mawili tu. Nimewatukana wafanyabiashara wa chokaa, nimewatukana nyinyi na rangi zenu, lakini mtu ninayemkasirikia kuliko wote ni yule aliyesimama pale na mkono wa shati uliolowa.

Nilijidanganya kifundi. Nilisema nitaweka epoksi nyingi, nitaongeza tabaka mbili za iliyofumwa, nitafunga boliti ndefu. Niliuzungushia ubao ule faiba nene kuliko sehemu nyingine yoyote ya mashua. Kumbe kadiri ninavyoongeza ndivyo ninavyozidi kuyafungia maji mlango. Ukiona fundi anaongeza faiba pale ambapo angebadilisha mbao, huyo anaficha kitu.

Mashua ilibarikiwa, ikaingia mtoni. Aliyechaguliwa kuiendesha alikuwa Mbithi, ndugu wa mke wangu, shemeji yangu. Kijana mcheshi, mwenye mabega mapana, aliyejua kuogelea katika nchi ambayo watu hawajui kuogelea. Msimu wa kwanza alivusha wagonjwa, walimu, magunia ya ndengu, hata mbuzi wa mahari. Akina mama wawili walijifungua salama zahanati kwa sababu ya mashua ile. Watu walinipungia mkono njiani. Nilianza kuamini kwamba labda Athmani alikuwa mwoga tu.

Kiangazi kilipofika mashua ikalazwa ukingoni, juani. Ubao ndani ya faiba ukaanza kujikunja na kuoza. Kabla ya mvua ya Novemba Mbithi alikuja hadi bandani kwangu Kabati, safari ya kutwa.

"Shemeji, hapo nyuma imebadilisha sauti," akaniambia. "Nikigonga inalia kama kitu iko na tumbo. Na boliti nikikaza, inazunguka tu."

Mkono wangu ulikuwa na brashi. Sikuiweka chini. Nilijua ni nini, vijana, nilijua kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia, "Ni tabaka ya juu tu, hiyo ni rangi. Weka boliti kubwa. Nikimaliza hii tangi nakuja kuangalia."

Akacheka. "Sawa. Wewe ndiye daktari yake."

Tangi lile nililimaliza, nikaanza jingine. Sikwenda. Msinihurumie kwa kusema kazi ilikuwa nyingi. Sikwenda kwa sababu ningekwenda ningeufungua ubao, na ningeufungua ungeonekana mbele ya watu, na watu wangeuliza.

Mto ulikuja wiki ya pili ya mvua. Mbithi alikuwa amebeba watu wanne, mmoja wao mzee aliyeumwa na nyoka. Katikati ya maji injini ilitetemeka, ubao wa nyuma ukang'oka wote pamoja na injini, maji yakaingia kwa nyuma. Waliookoka walinisimulia. Mbithi aliwasukuma mmoja mmoja hadi kwenye mwamba, na yule mzee alimbeba yeye mwenyewe mgongoni. Aliporudi kuushika mkoba wa dawa wa zahanati uliokuwa ukielea, gogo likaja. Tulimpata siku ya tatu, mbali kule chini.

Chifu aliitisha baraza. Mwalimu Kimeu alisimama akasema hii ni kazi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa, mto ni mto. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, kofia mapajani, na sikufungua kinywa. Tuna ugonjwa huo, na bado tunao. Daraja likianguka, ni Mungu. Paa la darasa likiezuliwa, ni Mungu. Mungu hakupaka faiba juu ya mbao mbichi. Ningekuwa mtu ningesimama pale niseme hivyo.

Ule ubao ulikwama kwenye matete. Nilikwenda peke yangu, nikaupasua kwa panga. Nje ulikuwa unang'aa, buluu nzuri waliyoichagua kamati. Ndani ulikuwa mweusi, umelainika, unanuka kama pombe iliyochacha. Nilipoukamua kwa vidole ulitoa maji. Faiba yangu yote ilikuwa imebanduka ikabaki kama gamba la nyoka, nzima, haina hata ufa.

Mwezi mzima sikulala vizuri. Mke wangu alidhani ni msiba. Mwisho nikavuka kwenda kwa mama mkwe, mto ukiwa umepungua hadi magotini. Nilimkuta mlangoni akipepeta mbaazi. Nikaletewa kigoda, nikakaa kando nikitazama zizi, kama inavyompasa mkwe.

"Mwaitu," nikamwambia, maana mama mkwe kwetu humwita kama unavyomwita mama aliyekuzaa. "Ile mbao ilikuwa mbichi. Nilijua. Niliipima nikajua."

Ungo haukusimama. "Hata mimi nilijua," akasema. "Mti niliukatisha mwezi ule ule. Si mlikuwa na haraka? Nikasema, wacha iende, kama haifai fundi ataikataa. Mbithi mwenyewe aliniambia, mama usijali, shemeji ni mkali, hiyo ikiwa mbaya ataitupa."

Akapepeta mara mbili, tatu.

"Kwa nini hukuikataa?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mwaitu."

Hapo ndipo aliuweka ungo chini. Akageuka, akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake.

"Miti nilikuwa nayo mingine," akasema. "Kijana nilikuwa na huyo mmoja."